"Hapo tu" ni wapi? Habari ya kiwanja cha Mama

Haya wadau, kimya changu kimekuwa kirefu. Majaribio matatu ndani ya wiki mbili, halafu bumu likachelewa mpaka vocha ya intaneti ikawa anasa. Wale mliokuwa mnaulizana kama nimedisko, poleni, bado nipo. Mwaka wa tatu huu, mipango miji, na kimbweta changu chini ya mwembe hakijapata mwenyewe mwingine.

Leo nataka niwape habari ya kiwanja. Mimi sina kiwanja, nina deni la bodi ya mikopo tu. Kiwanja ni cha Mama, au tuseme hakijawa cha Mama bado, na hapo ndipo penye kesi. Mama kastaafu unesi mwaka huu baada ya miaka thelathini na mbili ya zamu. Kiinua mgongo kikaingia, na kabla wiki haijaisha, sijui waliambiwa na nani, madalali watatu walikuwa na namba yake ya simu. Tangu nizaliwe tumekaa nyumba za kupanga: Buguruni, Tabata, sasa Kimara. Anataka kujenga. Ana hela ya kununua mahali pamoja, mara moja. Akikosea hakuna kiinua mgongo kingine.

Mpaka juzi vilikuwa vimebaki viwili. Cha kwanza ni nusu eka upande wa Mlandizi, unatoka barabara ya Morogoro, unaingia kushoto, halafu unaendelea kuingia. Cha pili kipo Kibaha, mita 20 kwa 20, dakika saba kwa miguu toka kituo cha daladala. Bei ni ileile. Yaani kwa hela moja Mama anapata mita za mraba elfu mbili na kidogo, au mia nne. Mjomba, ambaye ndiye msemaji mkuu wa ukoo kwa mambo yote ya ardhi, alishatoa hukumu: "Dada, mia nne hiyo unazika, hujengi." Watu wakacheka. Halafu wakanigeukia mimi. "Haya msomi, tuambie, si ndiyo unayosomea?"

Sasa wadau, darasani mambo haya ni mepesi. Mwalimu anachora kituo, anazungusha duara, anaandika kijiji cha kutembea kwa miguu, unakopi, unakwenda kula chipsi. Nyumbani mbele ya mama yako ambaye amekesha wodini miaka thelathini na mbili ili ale uzee kwake, maneno hayo hayatoki kirahisi. Nikasema tukaone kwanza.

Tukaenda Jumamosi kuona ile nusu eka: Mama, Mjomba, dalali na mimi. Ni umbali gani toka barabarani? Dalali: "Hapo tu." Mnaijua hiyo "hapo tu". Kwa Kiswahili cha madalali neno hilo halina kipimo, linaanzia mita hamsini na kwenda mpaka mafuta yaishe. Alikuwa ameshaandaa bodaboda nne. Nikafungua simu inipimie njia, nikapanda. Tulipita mikorosho, tukapita shamba la mihogo, daraja la magogo, nguzo za umeme zikatuaga njiani, sisi tukaendelea. Tulipofika simu ilisema kilomita 6.4.

Na nisiwafiche, pale ni pazuri. Upepo, kimya, udongo mwekundu, miembe miwili mikubwa imeshajiotea. Mama alisimama chini ya mmoja akavua viatu. Akaanza kupanga: hapa banda la kuku, hapa migomba, kule mchicha. Nilimwangalia nikasema moyoni, mtu anayeishi chumba na sebule Kimara, ukuta kwa ukuta na muuza mkaa, utamwambia nini akishasimama hapa? Hata mimi nilitaka kuhamia.

Jirani wa karibu alikuwa mama mmoja mwenye genge dogo, ana watoto wanne. Wakati Mjomba anapiga hatua kupima mipaka, mimi nikaenda kununua maji. Nikamuuliza maisha. Akasema tumejenga, tunashukuru, hakuna kodi. Biashara yake nyingine ni ndizi, anazifuata Mabibo. Anatoka kwake saa tisa usiku. Saa hiyo bodaboda ni shilingi elfu tano na lazima awe kijana anayemjua. Mwanaye mkubwa yuko sekondari, anatembea kilomita nne kwenda, nne kurudi. Nikamuuliza zahanati. Akanionyesha kwa kidevu, upande tuliotokea. Basi.

Njiani kurudi nikapiga hesabu. Dada yangu anauza duka Kariakoo, siku sita kwa wiki. Mchana bodaboda ya pale ni elfu tatu. Elfu tatu kutoka, elfu tatu kurudi, siku ishirini na sita: 156,000 kwa mwezi, na hapo hajapanda daladala. Kwa mwaka ni 1,872,000. Miaka kumi, milioni kumi na nane na ushee, kwa mtu mmoja tu, kwa kilomita sita za mwanzo tu. Nikawasomea kwenye simu. Mjomba akasema dada yako atatembea. Dada hakuwepo kujibu, lakini namjua. Atapanga chumba Manzese. Na mdogo wetu akianza kazi atapanga naye chumba mahali. Mama atabaki na miembe miwili na mbwa. Wadau, zungukeni huko pembezoni mkahesabu nyumba nzuri zenye geti, bati la rangi, na ndani anakaa mlinzi na mke wake. Wenyewe wamepanga mjini karibu na kazi.

Ngoja sasa niwaletee lile duara la mwalimu, maana nililichora upya usiku ule kwa ajili ya Mama na lilinishangaza hata mimi. Mtu mzima anatembea kama mita 800 kwa dakika kumi. Kwa hiyo weka kituo katikati, basi au treni, na uzungushe duara la mita 800. Ndani yake unapata hekta 200 hivi. Toa nusu nzima kwa barabara, shule, soko, zahanati, msikiti, kanisa, uwanja wa mpira, makaburi. Zinabaki hekta 100. Zigawe kwa nusu eka nusu eka kama ile ya Mlandizi: viwanja kama 490. Zigawe kwa viwanja vya mita za mraba 288: viwanja karibu 3,500. Tuseme kila kiwanja kina watu watano. Hesabu ya kwanza inakupa watu 2,500, ya pili 17,000. Watu 2,500 hawajazi basi kila dakika tano. Hawajazi hata duka la dawa. Watu 17,000 wanaoishi dakika kumi toka kituoni, huyo mwenye basi utamfukuza na hataondoka.

Kwa hiyo "kiwanja kikubwa" na "usafiri hakuna" ni habari moja, siyo mbili. Tunapigia kelele serikali ilete barabara, ilete basi, ilete bomba, halafu kila mmoja wetu ananunua kwa namna inayofanya bomba lipite mbele ya mikorosho mia kabla halijakuta mtu wa kulilipia. Na mimi siwalaumu wanunuzi kama Mama. Mtu ananunua kinachouzwa. Suala ni nani aliyetakiwa kuvikata viwanja vidogo vizuri karibu na kituo kabla dalali hajafika, na alikuwa wapi.

Namba 288 sikuiokota hewani. Ndiyo vilivyopimwa vingi vya Sinza na Kijitonyama miaka ya 1970, ule mradi wa viwanja na huduma uliokuwa na mkopo wa Benki ya Dunia. Serikali ilichora barabara kwanza, ikaweka maji, ikaacha nafasi ya shule na soko, watu wakajijengea wenyewe taratibu walivyoweza. Nendeni Sinza leo. Sawa, kuna baa nyingi mno, mitaro imeziba, na bei ya kiwanja hata mkopo wa mbunge unaweza usitoshe. Lakini mtu wa Sinza anaamka, anakwenda gengeni kwa miguu, mtoto anakwenda shule kwa miguu, kituo kiko pale. Kwa mita 288! Mjomba amelala nyumba za wageni za Sinza mara ngapi, sijamsikia akisema yumo kaburini.

Tena twende nyuma zaidi. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala na Magomeni, ile yenye ukumbi katikati na vyumba sita, uani choo na jiko, mbele baraza. Familia ya mwenye nyumba na wapangaji kadhaa chini ya paa moja. Sisemi turudi kuchangia choo familia sita. Nasema hatukufundishwa na mzungu kukaa karibu karibu na kutembea. Magomeni Kota, ambako mwaka 2022 zilizinduliwa ghorofa za kaya 644, zipo jirani na njia ya mabasi ya mwendokasi, na hiyo ni namna nyingine ya jambo lilelile, japo kwa mtu wa kuku na mchicha kama Mama ghorofa ya nane ni adhabu.

Sasa weka pembeni Sinza uangalie mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Nia ilikuwa nzuri, watu walikuwa wanajenga kiholela kwa sababu viwanja vilivyopimwa havikuwepo. Wakapima Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma, Mwanagati, Buyuni. Vikapatikana vingi hata kuliko jina la mradi. Lakini vilikuwa vikubwa zaidi na vilikuwa mbali, na vingi vilinunuliwa na watu wenye nafasi vikakaa miaka na majani. Kule Buyuni, upande wa Chanika, mtu wa kipato cha chini angefanya nini na kiwanja chenye hati lakini ambacho nauli yake inakula mshahara? Mji ukapimwa, hapohapo ukatawanyika. Ndiyo maana nawashangaa wanaodhani kupima peke yake ndiyo dawa. Pima, ndiyo, lakini kwa ukubwa gani, na umbali gani toka wapi?

Dar yenyewe imekua kama kiganja. Vidole vinne: barabara ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu ambayo ndiyo Nyerere, na ya Kilwa. Kwa sensa ya 2002 tulikuwa milioni 2.5, ya 2012 milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38. Ukiishia hapo utasema mji umepunguza kasi. Wapi! Tazama Pwani, jirani yetu: milioni 1.1 mwaka 2012, zaidi ya milioni 2 mwaka 2022. Karibu mara mbili kwa miaka kumi. Siyo wote ni watu wa Dar waliovuka mpaka, viwanda vya Kibaha na Mkuranga navyo vimevuta watu, lakini ukipanda daladala ya Kibaha saa kumi na moja alfajiri utajua wanakwenda wapi.

Kiganja chenyewe siyo kibaya. Copenhagen kule Denmark walichora mji wao kama mkono kwa makusudi mwaka 1947: vidole vimefuata reli, watu wakae kando ya stesheni, na katikati ya vidole pabaki mashamba na misitu. Sisi vidole tulipewa na barabara bila hata kuchora. Kilichotushinda ni kuacha nafasi katikati. Vidole vyetu vimeota utando kama mguu wa bata. Kila mabonde yaliyokuwa yanatulisha mchicha yamejaa misingi ya matofali. Na upande huu wa Mlandizi utando unakwenda moja kwa moja kwenye mto Ruvu. Mitambo ya Ruvu Juu ipo palepale Mlandizi, ndiyo maji unayokunywa wewe wa Kimara. Tukishakaa wote juu ya kisima sijui tutakunywa nini.

Curitiba kule Brazili, ambao tunawasoma kila muhula mpaka tumewachoka, walianza njia za mabasi peke yake mwaka 1974, na sheria yao ya ardhi ikaenda pamoja na basi: majengo marefu yaruhusiwe kando ya njia hizo, kwingine yasiruhusiwe. Kwetu mwendokasi ulianza kubeba watu Mei 2016 toka Kimara mpaka Kivukoni. Lakini kabla na baada ya hapo ardhi iliendelea na mambo yake, bila kusubiri basi. Mwaka 2017 nyumba zikabomolewa toka Kimara kuelekea Kibaha kupisha barabara pana. Na mkumbuke, barabara ya njia nane isiyo na vijiji vilivyopangwa kando ya vituo kazi yake kubwa ni kumfanya dalali wa kilomita 6.4 aseme "siku hizi mjini ni dakika arobaini tu".

Mjomba aliponisikia nasema "vijiji" akanirukia. "Mnataka kutuswaga tena kama enzi za operesheni?" Hilo swali ni zito na sikutaka kulipita juu juu, maana Bibi mzaa Mama ni mtu wa Rufiji. Baada ya mafuriko ya 1968 watu walitolewa bondeni wakapelekwa juu, kwenye vijiji. Halafu Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na nchi nzima ikaingia kwenye operesheni. Bibi alikuwa akisimulia bila hasira, ila kila mara alianza na miguu. Shule ilikuwa karibu, akasema, bomba lilikuwa karibu, shamba ndilo likawa mbali. Shamba lilibaki bondeni kwenye rutuba. Kwa hiyo wakawa wanashuka bondeni, saa mbili za mwendo, wanakaa kwenye dungu miezi ya kulinda mpunga, nyumba kijijini imefungwa. Wakubwa walichora kijiji kwenye karatasi, miguu ya Bibi ikachora kingine.

Nikamwambia Mjomba, mimi nasema kinyume cha hapo. Zamani watu walipelekwa penye huduma wakaachanishwa na kazi. Sasa watu wanajipeleka wenyewe mbali na kazi na huduma pia, hakuna aliyewaswaga isipokuwa bei. Kijiji ninachosema mimi hakihitaji mgambo. Ni serikali iwahi kuchukua ardhi ya kuzunguka kituo kwa fidia ya haki, ikate viwanja vidogo, iweke mtaro na maji, iache na vya kupangisha ili mtu wa chumba kimoja naye asisukumwe porini, halafu iuze. Na ile nusu eka ya kilomita 6.4 ibaki shamba, yenye bei ya shamba. Watu watakuja wenyewe mbio. Mjomba akasema, "Kwa fidia ya haki?" akacheka sana. Hapo, jamani, alinipata kidogo. Najua wazee waliosubiri fidia mpaka wakazikwa. Bila hilo kunyooka kila kitu ninachosema ni mchoro wa darasani.

Kuna mahali nadhani bado hatujachelewa. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria Juni 14, 2024, Dar mpaka Morogoro. Njiani kuna stesheni za Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere. Simu ya Mama sasa kila siku inaingia tangazo la Soga. "Viwanja karibu na stesheni", ukipiga kuuliza ni kilomita ngapi, unajua jibu. Treni ya mikoani siyo daladala, haipiti kila dakika kumi, kwa hiyo sitamwambia mtu akanunue Soga leo akifikiri kesho atakwenda Kariakoo nayo. Lakini zile mita 800 za kwanza kuzunguka kila stesheni ndizo zingetakiwa ziwe na mchoro kabla ya mwingine wowote. Hata treni ya kizamani ya mjini ya mwaka 2012, ile watu waliyoiita ya Mwakyembe, ilijaza mabehewa kwa reli iliyokuwepo tu, bila mtu kupanga kijiji chochote. Abiria walitembea wenyewe kuifuata. Je, wangekuwa wamepangwa karibu yake?

Halafu kuna kitu kinanichekesha na kuniuma. Sisi wa chuo tunaishi kwenye hicho kijiji tayari. Toka hosteli mpaka darasani dakika sita. Maktaba, kantini, zahanati, fundi cherehani, mama ntilie, kituo cha daladala, vyote kwa miguu. Unakutana na watu njiani, unakopa noti, unachumbia, unadaiwa. Miaka mitatu hakuna anayelalamika kwamba chumba ni kidogo kiasi cha kuishi porini (tunalalamika kunguni, hilo ni jingine). Siku ya mahafali tunavua joho, na mtu wa kwanza kupata ajira ananunua eka Bagamoyo ndani ndani na kuweka picha mtandaoni akiwa amesimama kwenye nyasi. Tena mimi na wenzangu wa darasa hili ndio tutakaopewa mihuri ya kupitisha ramani.

Basi, Mama. Sikumwambia anunue kipi. Nilimchorea madaraja mawili ya siku moja: siku yake akiwa Mlandizi ndani, siku yake akiwa Kibaha, toka anaamka mpaka analala, nani anatembea wapi, saa ngapi, kwa shilingi ngapi. Nikaweka na goti lake la kushoto, ambalo lilikuwa halijatajwa na mtu yeyote kwenye vikao vyote vya familia. Nikaweka kuku pia, kuku kumi na wawili wanaenea kwenye mita mia nne na nyumba ya vyumba vitatu, nilipima. Migomba mitatu. Miembe miwili haienei. Alikaa na ile karatasi muda mrefu, miwani puani, kama anasoma faili la mgonjwa. Akauliza, "Na Bibi yako angekuwa hai angechagua kipi?" Nikasema sijui Mama. Akasema, "Mimi najua," lakini hakuniambia.

Jana usiku kanipigia nikiwa kwenye foleni ya chakula. Kibaha kimechukuliwa na mtu mwingine Jumanne, bei kubwa kuliko waliyotuambia. Roho iliniuma, sikuficha. Vinavyotembelewa kwa miguu ni vichache, na vikiwa vichache vinapanda bei, ndiyo kilio changu chote cha leo. Akasema usilie, kuna cha tatu, Kiluvya, mita kumi na tano kwa ishirini, mita mia tatu tu. Dalali ni yuleyule. Mama akamuuliza toka kituoni ni umbali gani. Dalali akasema hapo tu.

"Nikamwambia vizuri," Mama akasema, "Jumamosi tukutane kituoni, tutakwenda kwa miguu, wewe utatangulia. Akasema mama utachoka, nitaleta bodaboda. Nikamwambia basi kiwanja hicho sikitaki."

Dakika tano baadaye dalali akampigia tena. Ana cha nne.